Mstari wa Reli kwenye Kioo Cheusi

Swali linaloulizwa sana kuliko yote katika duka la mjomba wangu ni "Bado?" Watu huliuliza wakiwa wamekaa kwenye benchi, huliuliza wakiwa wamesimama mlangoni wameshika baiskeli, na wengine huliuliza kutoka ng'ambo ya barabara huku wakimenya ndizi. Duka liko Kyela mjini, karibu na mahali wanaponunua kakao. Tunaweka nyimbo na video kwenye kadi za simu, kwenye flashi, na kwenye zile redio ndogo ambazo wazee huzitundika shingoni wakienda shambani. Tunapiga pia picha za pasipoti nyuma ya pazia jeupe.

Mimi ndiye niliyepaswa kulijibu hilo swali, na kujibu ndiko kulikonishinda. Nimezaliwa Ipyana, nimesoma mpaka darasa la saba, na tangu utotoni sauti yangu hutoka kidogo kama maji ya bomba siku ya mgao. Nikimwamkia mtu, husubiri, kisha huniuliza kama wazazi wangu hawakunifundisha salamu. Kumbe nimekwisha kumwamkia. Mjomba alinichukua dukani kwa sababu nilikuwa na mkono mwepesi kwenye vitufe na sikuwa mtu wa kuzurura. Nilipapenda pale kuliko mahali popote nilipowahi kukaa. Palikuwa na kivuli, palikuwa na muziki, na kulikuwa na kile kioo cheusi.

Kompyuta yetu ni ya zamani sana. Ukifungua programu yenye picha na madirisha, inaunguruma kama mashine ya kukoboa mpunga halafu inaganda. Kwa hiyo binamu yangu, mtoto wa mjomba anayesoma chuo Mbeya, aliiandikia programu ndogo ya maandishi matupu. Kioo kinakuwa cheusi, herufi nyeupe. Unaandika neno nakili, unaandika jina la kile unachotaka kuhamisha, unabonyeza Enta. Basi. Kijistari kidogo kinabaki kinakonyeza upande wa kushoto, na hakuna kingine kinachotokea mpaka mwisho, ndipo linapotokea neno moja: Tayari.

Hapo katikati ndipo palipokuwa na shida. Mteja anaona kioo cheusi na kijistari kinachokonyeza, anadhani mashine imekufa. Tena tundu la kuchomeka kadi lililo zima ni moja tu, nalo liko mbele, upande wa benchi, mkono wa mteja unalifikia bila kunyanyuka. Siku moja dereva wa bodaboda alikaa, akauliza, "Dada, bado?" Nikasema bado. Hakusikia. Akauliza tena. Nikatikisa kichwa. Akasema, "Hii imezimika, nipe nikajaribu kwingine," akachomoa kadi yake wakati nyimbo zikiwa zinaingia. Kadi ikafa. Simu ikakataa kuisoma, kompyuta ikakataa kuisoma, na picha zote alizokuwa nazo humo zikaenda nayo.

Haikupita muda mrefu, mama mmoja wa kwaya akafanya vilevile. Huyo hata hakuniuliza. Alimwambia mwenzake kwa Kinyakyusa kwamba mashine imelala, akaichomoa kadi kama mtu anayeng'oa muhogo.

Mjomba alinikalisha chini siku hiyo baada ya kufunga duka. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mwanangu, wewe kazi unaiweza," alisema. "Lakini duka linataka mtu wa kumwambia mteja acha, usiguse. Wewe unakaa tu kama picha ukutani. Kadi nyingine ikifa, nakurudisha Ipyana kwa mama yako, natafuta mwenye mdomo. Si kwamba nakuchukia."

"Ndiyo, mjomba."

"Umesema nini?"

"Ndiyo."

Niliporudi chumbani nilimwandikia binamu ujumbe. Kwa ujumbe mimi ni mwongeaji mzuri. Nilimweleza yote, kisha nikamwuliza kama programu yake haiwezi kusema yenyewe kwamba haijafa. Alinijibu kwa vicheko vingi, halafu akaandika: Inaweza. Ila utaifundisha wewe, mimi nina mitihani. Fungua faili ya programu. Usiogope, ni maandishi tu.

Ni kweli yalikuwa maandishi tu. Mengi sikuyaelewa, lakini nilipata mahali ambapo programu huchukua kipande cha video, hukiweka kwenye kadi, kisha hurudi kuchukua kipande kingine, kama mtu anayehamisha mpunga kutoka uani kwenda ghalani kwa debe. Binamu aliniambia nihesabu madebe yaliyokwisha kuingia, nigawe kwa yote yanayotakiwa, kisha programu ichapishe alama za reli kulingana na jibu. Reli kila mtu kwetu anaijua, ni ile alama unayobonyeza mwisho ukiangalia salio la simu. Reli zitakuwa kazi iliyofanyika, vistari vitakuwa kazi iliyobaki. Naandika polepole, hata kwa vitufe. Nilifanya hivyo kila mchana wateja walipopungua.

Siku niliyoiwasha mara ya kwanza, mjomba alikuwa ananyoa ndevu mlangoni. Nilibonyeza Enta, na kioo kikaanza kujaa mistari. Mstari wenye reli moja, chini yake mwingine wenye reli moja, chini yake mwingine, ikashuka kama mvua ya masika, mamia kwa mamia, mpaka macho yakauma.

"Umeifanya nini?" mjomba alipiga kelele na povu shavuni. "Inatapika!"

Nilimwandikia binamu: Inatapika. Akanieleza kwamba kila inapochapisha mstari, inashuka chini na kuanza mwingine. Nikitaka mstari mmoja unaokua, lazima niiambie irudi mwanzo wa mstari uleule bila kushuka, iandike juu ya yale iliyoandika kwanza. Kuna alama maalumu ya jambo hilo. Nilipoielewa nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Ni kama mwalimu wetu wa darasa la pili aliyekuwa anafuta nambari ubaoni kwa kiganja na kuandika nyingine palepale, sisi tukiona sita inageuka saba.

Nikaiweka ile alama. Nikabonyeza Enta. Safari hii haikutapika. Haikusema chochote pia. Kioo kilibaki cheusi mpaka mwisho kabisa, ndipo mstari mzima uliojaa reli ukatokea kwa mpigo mmoja, kazi ikiwa imekwisha. Binamu alisema kompyuta hukusanya maneno mdomoni, haiyatoi mpaka mstari uishe, na kwa kuwa nimeizuia isishuke, yenyewe inadhani mstari haujaisha. Iamuru iteme kila mara, aliandika. Nikaiamuru.

Ndipo nikauona. Ulikuwa hivi:

[########------------]

Kila baada ya muda mfupi, kistari kimoja kilitoweka na reli moja ikakaa mahali pake. Haukuwa na sauti wala rangi. Niliukodolea macho nikiwa nimesimama, mikono mashavuni. Mjomba alikuja nyuma yangu, akautazama kwa muda mrefu, akasema, "Hee. Sasa inapumua."

Wateja waliuelewa kabla sijafungua mdomo. Mama mmoja kutoka Matema, anayeleta vyungu vya kuuza mjini, aliutazama mara moja tu akasema, "Ni mtungi unajazwa. Ukifurika tunaondoka." Vijana wa baiskeli za abiria, wanaoegesha nje ya duka, wakaanza kuingia kuangalia hata kama hawana kadi. Walisimama nyuma ya benchi wakashangilia kama wanaangalia mpira.

"Ongeza! Ongeza moja! Imeingia!"

"Ya huyu mzee inakwenda kama yeye mwenyewe."

"Nyamaza wewe, yako juzi ililala katikati tukakuacha."

Hakuna aliyegusa kadi tena. Mkono ukikaribia tundu, mwenzake anaupiga: "Acha, huoni reli bado?" Mimi nilikaa kimya kwenye kiti changu, na duka likawa na midomo kumi.

Mama wa vyungu ndiye aliyetaka zaidi. Alisema reli anaziona, lakini hajui kama aende kwanza kusaga au asubiri. Nikaongeza mwishoni mwa mstari maneno "zimebaki dakika" na nambari. Nilijaribu kwa nyimbo, na nyimbo huingia upesi, kwa hiyo nambari ilianza nne, ikaja tatu, mbili, moja. Ilifanya kazi vizuri. Nilijiona fundi.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa siku ya soko. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na barabara ilikuwa na matope. Mjomba alikuwa amekwenda sokoni kutafuta samaki. Aliingia dada mmoja aliyeolewa Ngana, mtoto mgongoni, amekuja kuchukua video ya harusi yake. Mpiga video alikuwa ameichelewesha sana, na siku alipoileta aliiacha kwenye kompyuta yetu ili wahusika waje kuichukua wenyewe.

"Aliahidi juma moja," dada aliniambia huku akicheka. "Nimesubiri mpaka mtoto amezaliwa. Huyu ataangalia harusi ya mama yake akiwa na meno."

Alinipa kadi ya simu yake. Aliishika kidogo kabla ya kuiachia. "Picha zake zote zimo humu, tangu siku aliyozaliwa," alisema. "Sina mahali pengine nilipoziweka. Haitaharibika?"

Nikatikisa kichwa kwamba haitaharibika. Lakini nilihesabu. Hiyo ikifa, ni ya tatu.

Nikaichomeka, nikabonyeza Enta. Video ya harusi ni kubwa, ina maandamano ya ndugu kutoka kila upande na hotuba zisizoisha. Mstari ulianza kutembea taratibu na nambari ikasoma dakika kumi na nne. Dada alikaa kwenye benchi, akamshusha mtoto na kumpakata, akautazama mstari kwa furaha. "Sasa tuko kanisani," alisema reli zilipokuwa chache. "Bado hatujafika kwenye keki."

Tulikuwa tumefika dakika kumi na tatu aliposimama ghafla. Nje, sauti nzito ilikuwa inasalimiana na vijana wa baiskeli.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Baba mkwe!"

Lazima nieleze hapa. Kwetu, kwa desturi ya Wanyakyusa, mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, halitaji jina lake, akikutana naye njiani huingia majanini mpaka mzee apite. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ina pande mbili, maana mzee naye anatakiwa amwepuke. Siku hizi wengi wameacha, hasa mjini, na wengine humaliza jambo hilo mapema kwa zawadi. Lakini familia ya dada huyu walikuwa hawajamaliza. Na duka letu lina mlango mmoja.

Dada alizunguka kama kuku aliyeona kipanga, kisha akaingia nyuma ya pazia la picha za pasipoti, yeye na mtoto. Pazia likatulia. Mzee akaingia.

Alikuwa mrefu, amevaa koti juu ya shati safi na buti za mpira zenye matope. Shingoni alikuwa na redio ndogo.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba." Alisikia, jambo lililonishangaza, akaongeza salamu ya Kinyakyusa. "Ugonile, mwanangu. Hii redio imenichosha, inaimba wimbo mmoja kama mlevi. Nataka nyimbo za kwaya. Nyingi. Zile za zamani."

Nikaonyesha mashine kwamba kuna kadi ya mtu.

"Ya nani?"

Sikuweza kusema ya nani. Nikatazama chini.

"Mwenyewe hayupo," mzee akasema akiangalia benchi tupu. "Basi itoe hiyo, niwekee yangu kwanza, yeye akirudi utamwendelezea. Nina mzigo wa kakao unanisubiri." Na hapohapo akainama, akanyoosha mkono kwenye tundu. Alikuwa na vidole vikubwa vya mkulima. Viliishika kadi.

Nyuma ya pazia mtu alivuta pumzi akaizuia. Yeye hakuweza kusema neno. Mimi sikuwa na sauti. Nilimwona mama akinipokea Ipyana na jembe mkononi. Niliona zile picha za mtoto zikizimika moja moja. Nikaelekeza kidole kwenye kioo, nikasema, na nadhani nilipiga kelele, "Baba, reli!"

Mkono ukasimama. "Reli gani?"

"Hizo. Zinaingia. Zikifika mwisho ndiyo tayari. Ukiichomoa katikati, kadi inakufa na vyote vilivyomo." Hayo ni maneno mengi kuliko niliyokuwa nimemwambia mteja yeyote tangu nianze kazi.

Mzee akaiachia kadi polepole, kama mtu aliyeshika kuku wa jirani. Akakaa kwenye benchi. Akautazama mstari. Reli moja ikaongezeka.

"Imetembea!" akasema.

"Ndiyo, baba."

"Ngoja. Tena. Ee! Tazama, imetembea tena!" Akajipiga goti. Akageukia mlangoni akawaita vijana wa baiskeli. "Njooni muone, mashine inapanda mpunga!"

Wakaja, wakacheka, wakamweleza mambo ambayo wao waliyajua siku nyingi, na mzee akawa anauliza maswali kama mtoto. Nilikuwa nimeiokoa kadi, lakini sasa nilikuwa nimempa mzee burudani, na mtu aliyepata burudani haondoki. Pazia lilitikisika kidogo. Joto lilikuwa kali. Nilifikiri jinsi dada alivyobanwa mle ndani, kati ya ukuta na kitambaa, mtoto kifuani. Mwito wa abiria ukawatoa vijana nje, wakakimbilia baiskeli zao, tukabaki mimi na mzee na mstari.

Mtoto akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo, ya kitoto, yenye mlio wa mwisho unaopanda juu kama swali. Mimi niliganda. Mzee hakugeuza kichwa. Macho yake yalibaki kwenye kioo, lakini niliona masikio yake yamesimama, na kona ya mdomo wake ikaenda upande.

Wakati uleule nambari kwenye kioo ilibadilika. Ilikuwa imesoma dakika 10. Sasa ilisoma dakika 90.

"Tisini!" mzee akasema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. "Mwanangu, zimebaki dakika tisini! Mimi siwezi kukaa hapa dakika tisini. Nakwenda kwenye kakao yangu. Nakwenda mbali kabisa. Upande ule wa mizani. Sitarudi karibuni!"

Akasimama, akavuta koti lake, akatoka. Kule nje akaendelea kusema peke yake kwa sauti, "Tisini, jamani," mpaka sauti ikapotelea barabarani.

Dada alitoka nyuma ya pazia akiwa amelowa jasho, akanishika mkono, akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, ndaga fijo," akakimbia na mtoto wake kwenda ng'ambo, kwenye banda la mama anayepika maandazi, akajificha nyuma ya karai. Kadi aliniachia.

Nilibaki nikiitazama ile tisini. Nilidhani nimeiharibu mashine. Kisha ikaja 80. Kisha 70. Lakini reli zilikuwa zinaendelea vilevile, moja baada ya nyingine, na vistari vilikuwa vinapungua. Nikafikiri sana, na ilipofika 60 nikaelewa. Programu inarudi mwanzo wa mstari na kuandika juu ya yale ya zamani. Ilipokuwa kumi, iliandika moja na sifuri. Ilipofika tisa, iliandika tisa juu ya ile moja, na ile sifuri haikuwa na wa kuiandika juu, ikabaki palepale. Nyimbo zangu za majaribio hazikuwahi kufika dakika kumi, ndiyo maana sikuliona kosa hilo. Nilicheka hadi nikashika meza. Kumbe kufuta kwa kiganja kunataka kiganja kifike mwisho wa nambari.

Reli zikajaa. Neno Tayari likatokea.

Nilichomoa kadi, nikaiweka kwenye simu ya duka, nikaifungua. Picha za mtoto zilikuwepo zote, mtoto kwenye beseni, mtoto na kofia, mtoto analia. Video nayo ilikuwepo, maharusi wanaingia kanisani, ndugu wanacheza. Nilitoka mlangoni. Dada alikuwa ng'ambo amenipa mgongo, na barabarani zilipita bajaji na baiskeli na watu wa sokoni.

"Dada!" nikaita. Hakusikia. "Dada wa Ngana! Tayari!"

Vijana wa baiskeli waligeuka wote kwa pamoja.

"Kumbe ana sauti!"

"Tena ya kwaya!"

Dada alikuja mbio, mtoto akirukaruka mgongoni. Alifungua video akiwa amesimama kwenye matope, akaitazama mpaka alipojiona, akafunika mdomo. Akanikumbatia. Kisha akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaenda zake kwa njia ya nyuma ya soko.

Mzee alirudi mjomba akiwa amekwisha kufika na samaki wake. Kabla ya kuingia alisimama nje ya kizingiti akakohoa kwa nguvu, akangoja, akakohoa tena. Sisi tuliozoea tunajua mtu anakohoa hivyo kwa ajili ya nani. Nilipomwambia, "Karibu, baba, hakuna mtu," ndipo akaingia.

"Mashine yako inadanganya," alimwambia mjomba kwa uso mkavu. "Iliniambia dakika tisini. Mimi nimesoma mpaka la nne tu, lakini najua ukitoka kumi ukishuka unakutana na tisa."

Mjomba alinigeukia. Nikaona anahesabu kadi kichwani. "Nini kimeharibika?"

"Hakuna kilichoharibika," mzee akasema kabla sijajibu. "Nilitaka kuchomoa kadi ya mtu, binti huyu akanikemea. Akanikemea kweli! Mkono wangu mpaka sasa unaogopa." Kisha akaniinamia kidogo na kupunguza sauti. "Mwanangu, yule mtoto mwenye mafua. Ukimwona mama yake, mwambie asikae naye kwenye joto."

"Nitamwambia, baba."

"Na video imetoka vizuri?"

"Imetoka. Wewe pia upo, unacheza."

"Nacheza vizuri?"

Nilifikiri. "Unacheza sana."

Alicheka mpaka redio ikagonga vifungo vya koti lake. Nilimwekea nyimbo zake, na mjomba alisimama mlangoni na samaki mkononi, akitusikiliza mimi na mzee tukibishana kwaya ipi ya zamani ina besi nzuri. Nilikuwa naongea. Sikujua kama naongea mpaka nilipoona mjomba ameusahau mfuko wa samaki unadondosha maji kwenye kiatu chake.

Jioni hiyo, kabla hatujafunga, mjomba alimpigia simu mama yangu Ipyana. Aliweka sauti ya nje.

"Dada, kuhusu yule binti yako. Sikurudishii."

"Hunirudishii?" Sauti ya mama ilijaa duka. "Na mpunga wangu atapalilia nani? Si ulisema hana mdomo?"

"Tafuta mtu mwingine wa kupalilia. Huyu leo amemkemea mzee mzima."

"Nani? Huyu wangu? Umekosea namba, kaka."

"Nakwambia amemkemea."

"Mpe simu. Hebu mpe simu nimsikie mwenyewe."

Mjomba akanipa. Mama akauliza nimemkemea mzee gani, kwa nini, na kama nimemwomba radhi. Nikaanza kumweleza tangu mwanzo, chafya na tisini na yote, na mama akawa anacheka na kunikatiza na kuwaita wadogo zangu waje kusikiliza, nami nikaendelea kuongea huku mjomba akifunga madirisha, mpaka salio lake likaisha.